Uzi: Lori la GMC CCKW katika kipimo cha 1/35, kutoka chasisi hadi tope

fundi_wa_meza

Wadau, habari za kazi. Nimemaliza modeli ya lori la kijeshi la Marekani, GMC CCKW, katika kipimo cha 1/35, na badala ya kuweka picha tupu nikasubiri pongezi, nimeona niandike hatua nilizopitia, likiwamo kosa lililonivunjia ekseli usiku mmoja nikiwa nimelala. Vifaru vimeandikwa hadi vimechosha, ilhali lori lililovibebea mafuta huambulia aya mbili. Niseme msimamo wangu mapema ili anayetaka kunipinga asisubiri: lori huchakazwa na kazi kabla halijachakazwa na umri, na mtu akipaka uchakavu bila kujiuliza lori lake lilifanya kazi gani, wapi, na katika mwezi upi, atajikuta ametengeneza kifaru chenye matairi.

Kwa wasiolifahamu, jina lenyewe linaeleza gari. C ya kwanza ni mwaka wa usanifu, 1941. C ya pili ni kabini ya kawaida, yaani injini imekaa mbele ya dereva. K ni ekseli ya mbele inayopokea nguvu ya injini. Na W ni ekseli mbili za nyuma ambazo zote nazo husukumwa. Liliandikiwa kubeba tani mbili na nusu, lina injini ya petroli ya silinda sita yenye ujazo wa takriban lita 4.4, na hadi vita vilipokwisha mwaka 1945 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 500,000. Toleo refu ni 353 na fupi ni 352. Mimi nilijenga lile refu, lenye kabini ya turubai. Kabini hiyo ilikuja baadaye kuchukua nafasi ya ile ya chuma, kwa kuwa iliokoa chuma na nafasi melini.

Kazi niliyolichagulia ni ya Red Ball Express, ule msafara wa malori uliopeleka shehena kwa majeshi ya Marekani nchini Ufaransa kuanzia tarehe 25 Agosti hadi tarehe 16 Novemba 1944. Reli zilikuwa zimeharibiwa kwa mabomu, majeshi yalikuwa yamechomoka Normandy na kukimbia mashariki kuliko mipango ilivyotarajia, na bila petroli yangekwama. Kwa hiyo zilitengwa barabara mbili, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, raia wakazuiwa kuzitumia, na malori yakapita usiku na mchana kutoka upande wa Saint-Lô hadi karibu na Chartres, kisha mbali zaidi. Karibu robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani weusi. Kikomo cha mwendo kilikuwa maili 25 kwa saa, lakini wapo walioondoa kidhibiti mwendo cha injini ili wakimbie, na malori yalibebeshwa kupita uzito yaliyoandikiwa.

Nimeyasimulia hayo kwa sababu kila jambo hapo lina alama yake kwenye modeli. Mzigo kupita kiasi maana yake springi za nyuma zimebonyea. Mwendo wa mchana na usiku maana yake matairi yamekwisha na hakuna aliyepata nafasi ya kuosha gari. Na tarehe hizo mbili zinakulazimisha uchague: Agosti ni vumbi, Novemba ni tope. Nilichagua mwishoni mwa Oktoba.

fundi_wa_meza

Chasisi. Hapa ndipo modeli nyingi za malori huharibikia, na huwezi kuliona kosa mpaka umalize kila kitu na kuliweka lori mezani, ndipo tairi moja linabaki hewani kama mguu wa mbwa anayejikuna. CCKW lina matairi kumi: mawili mbele, na manne pachapacha kwa kila ekseli ya nyuma. Vipande viwili virefu vya fremu vikipishana hata unene wa karatasi, matairi hayo hayatakanyaga chini yote.

Nilichofanya ni kutafuta kioo kinene cha dirisha, nikakilaza juu ya meza, nikaifunga fremu kwa gundi inayokauka polepole, nikaipindua kifudifudi juu ya kioo, nikaiwekea betri mbili kubwa kama uzito na kuiacha mpaka asubuhi. Ekseli nilizipachika baadaye, zote tatu kwa mkupuo mmoja, magurudumu yakiwa yamechomekwa bila gundi, ili nilisukume lori juu ya kioo na kuhakikisha kila gurudumu linagusa kabla gundi haijashika. Angalieni pia aina ya ekseli iliyomo kwenye boksi lenu, kwa sababu malori haya yalikuwa na aina mbili: moja ambayo nyumba ya difu imegawanyika katikati na kufungwa kwa boliti, na nyingine ambayo nyumba yake ni ya mviringo kama ngoma na ina mfuniko wake. Msizichanganye kwenye gari moja.

Kuna hesabu moja ndogo ambayo nimeiandika kwa kalamu ya wino ukutani juu ya meza yangu: milimita moja ya modeli ni sentimita tatu na nusu za lori halisi. Hesabu hiyo huamua mambo mengi kuliko vitabu vya picha. Kingo za madigadi kwenye boksi langu zilikuwa na unene wa karibu milimita moja. Hebu fikirieni digadi la bati lenye unene wa sentimita tatu na nusu. Nilizikwangua kwa ndani, upande usioonekana, kwa kisu kilichosimamishwa wima na kisha kwa msasa wa namba 600, mpaka kingo zikaanza kupitisha mwanga wa taa. Ilinichukua jioni mbili. Watu waliokuja kuliona wote walisema lori linaonekana jepesi, la bati kweli, na hakuna aliyejua sababu.

Springi za nyuma nilizishusha kwa nusu milimita tu kwa kupunguza vikalio vyake. Zaidi ya hapo lori linaonekana limevunjika.

msasa_laini

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa maelezo ya kioo. Swali langu ni la matairi. Boksi langu lina matairi ya vinili laini, na modeli niliyoijenga miaka sita iliyopita imeanza kutoa kitu kama nta iliyoyeyuka pale tairi linapogusa rimu. Je, ni gundi, au matairi ni mabovu?

fundi_wa_meza

Si gundi, ndugu yangu, na wala hukukosea. Vinili hulainishwa kwa kemikali ambayo haikai mahali pake. Miaka inavyopita hutoka nje taratibu, na ikikutana na plastiki ya polistirini huilainisha na kuila. Kinga yake ni kuipaka rimu praima na rangi kamili hata sehemu zitakazofichwa na tairi, ili plastiki isiguswe moja kwa moja. Ukiweza kupata matairi ya resini, bora zaidi, kwa sababu hayo unaweza kuyapiga msasa chini yakapata ubapa wa kubeba mzigo. Tairi lililo duara kamili chini ya lori lenye mzigo linanikera macho kuliko rangi yoyote iliyokosewa.

Rangi ya tairi isiwe nyeusi. Mpira uliotembea barabarani ni kijivu kizito chenye ukahawia kidogo, na sehemu inayokanyaga ni nyepesi kuliko ubavu. Na kwa Red Ball, matairi yalikuwa kilio halisi: makopo ya chakula yaliyotupwa barabarani na askari yalikuwa yakitoboa matairi, na mbadala wake ulikuwa adimu. Kwa hiyo nilichanganya: tairi moja la nyuma lina meno mapya, jirani yake limekaribia kuwa kipara.

Sasa niungame kosa langu. Baada ya kupaka chasisi rangi, niliimwagia rangi nyepesi ya enameli iliyoyeyushwa kwa tapentaini, ile tunayoitumia kuingiza giza kwenye mifereji, na nikaimwaga kwa ukarimu kwa sababu ni chini ya gari na nani ataona. Asubuhi nikakuta ekseli ya katikati imekatika mahali pawili, safi kabisa, kama biskuti. Nilidhani mtoto ameigusa. Haikuguswa. Ekseli hiyo nilikuwa nimeilazimisha kidogo ili gurudumu liguse kioo, hivyo ilibaki ikivutana. Tapentaini ikapenya kwenye kiungio ambako rangi haikufika, na plastiki iliyo katika mvutano ikilowa tapentaini hupasuka yenyewe. Niliitoboa kwa keekee ya milimita 0.5, nikachomeka waya wa shaba, nikaigandisha kwa supaglu. Tangu hapo nafunika kwa vanishi kwanza, nagusa mfereji mmoja mmoja kwa ncha ya brashi, na silazimishi kipande kukaa. Nikiona hakikai, nakipiga msasa.

turubai_jipya

Mkuu, umetufaa sana. Lakini mbona umeruka rangi yenyewe? Humu watu wamegombana miaka kuhusu kijani cha jeshi la Marekani, kila mmoja na chupa yake akiapa kwamba ndiyo.

fundi_wa_meza

Nimeiruka kwa makusudi, maana ugomvi huo hauishi, ila nitajibu. Rangi rasmi ilikuwa kijani cha zeituni kisichong'aa, chenye ukahawia mwingi. Iliwekewa kiwango, lakini ilitoka kwenye viwanda vingi, ikapigwa na jua, ikarudiwa na mafundi wa jeshi kwa chochote kilichokuwamo ghalani. Mtu anayeshikilia kwamba ni chupa moja tu anabishana na jua.

Muhimu zaidi ni kwamba kitu kidogo huonekana cheusi zaidi. Rangi ileile ya lori halisi ukiipaka kwenye kitu cha sentimita 19 utaona kama kimechovywa kwenye lami. Kwa hiyo nilianza na praima ya kijivu, nikapuliza rangi ya akriliki kamili chini na kwenye pembe zote za kivuli, kisha nikaongeza rangi ya mchanga kidogo kidogo kadiri nilivyopanda kuelekea boneti na madigadi. Rangi iwe nyembamba kama maziwa, na presha ya kompresa iwe kati ya psi 15 na 20 (pauni kwa inchi ya mraba); ikizidi, rangi hukauka hewani na kutua kama unga. Nilipuliza tabaka nne nyembamba, na kati ya moja na nyingine nikanywa chai.

Turubai lipewe rangi tofauti na chuma. Kitambaa hupauka kuelekea unjano na ukaki huku bati likibaki kijani, na ukivipaka sawa, lori lote linaonekana limemiminwa kwa kalibu moja.

Bodi ya mbao nayo ina mtego wake. CCKW lilianza na bodi ya chuma, kisha ikatumika mbao ili kuokoa chuma, na tunapoisikia mbao mikono inatuwasha kupaka rangi ya mbao kila mahali. Mbao zile zilipakwa kijani kama gari lote! Rangi ya mbao inatakiwa ionekane pale tu ambapo kreti zimeburutwa: katikati ya sakafu, kwa mistari ya kwenda mbele na nyuma, na zaidi kwenye ukingo wa mlango wa nyuma ambako kila mzigo ulipita. Nilipaka rangi ya mbao kwanza, nikapuliza dawa ya kushikiza nywele, ikakauka, nikapuliza kijani juu, kisha nikakilowesha kijani kwa maji na kukisugua kwa brashi ngumu kufuata mwelekeo wa mzigo. Dawa ya nywele huyeyuka majini na kubandua rangi ya juu, ukipata mikwaruzo ambayo mkono hauwezi kuichora.

gundi_mkononi

Mimi nitakupinga kidogo, kwa heshima. Unasema lori halichakai kwa umri, na kwenye picha zako za awali sikuona kutu hata tone. Gari lililokaa kwenye mvua ya Oktoba bila kuoshwa litakosaje kutu? Nadhani umeogopa.

fundi_wa_meza

Hoja yako ina uzito, na sehemu moja nimeirekebisha baada ya kuisoma. Ekzosi inapata kutu mapema, kwa sababu joto huunguza rangi na kuacha chuma wazi. Hapo nimeongeza kahawia na chungwa hafifu, nikigonga kwa kipande cha sifongo. Nimeongeza pia kwenye ndoano za kuvutia na kwenye mnyororo wa mlango wa nyuma, maana vitu vinavyosuguana haviwezi kubaki na rangi.

Lakini kwenye milango, madigadi na boneti, hapana. Lori lililotoka kiwandani mwaka 1943 au 1944, likapakwa rangi ya jeshi, likatembea miezi michache, halina kutu inayotiririka kama bomba la maji taka. Bati lake likikwaruzika utaona praima au chuma cheusi kwanza. Na hapa ile hesabu ya ukutani inarudi: alama ya nusu milimita ni mkwaruzo wa karibu sentimita mbili. Modeli ninazoziona zina mabanduko ya milimita mbili, yaani sentimita saba, kila mahali, hadi juu ya boneti ambako hakuna mtu anayekanyaga. Jiulize kiatu cha dereva kinapita wapi. Kinakanyaga ubao wa kupandia, mkono unashika ukingo wa kiti na usukani, na kwa kuwa kabini hii haina mlango wa bati, suruali inasugua ukingo wa kiti upande wa nje. Upande wa dereva nimeuchakaza mara mbili ya upande wa pili.

msasa_laini

Na dekali, zile alama na namba za kubandika? Zangu huacha kivuli cha fedha pembeni hata nikibonyeza namna gani.

fundi_wa_meza

Kivuli hicho ni hewa iliyonaswa. Rangi isiyong'aa ina mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, dekali inakaa juu ya vilele vyake, na chini yake hewa inaakisi mwanga. Puliza vanishi ya kung'aa mpaka uso uwe laini kama kioo, weka dekali, ifyonze kwa pamba, kisha ipe dawa ya kulainisha. Itakunjamana kwa dakika kadhaa na utatamani kuigusa, usiiguse. Kama kivuli kimebaki, toboa kwa ncha ya sindano mara nyingi na urudie dawa. Vanishi isiyong'aa ndiyo ifunike mwishoni.

Namba ya usajili ya malori ya daraja hili huanza na 4, kwa hiyo mkibadilisha namba za boksi, iacheni hiyo mahali pake. Nyota nyeupe kwenye mlango wa nyuma nimeisugua mpaka karibu nusu ipotee, kwa kuwa mlango huo ulishushwa na kupandishwa mchana kutwa.

turubai_jipya

Maliza na tope basi, na mzigo. Na hilo turubai la kabini umelitengenezaje, maana la plastiki kwenye boksi langu linafanana na godoro.

fundi_wa_meza

La boksi nililitumia kama kiunzi tu. Nilichukua karatasi laini ya pua, nikatenganisha tabaka zake, nikalaza moja juu ya kiunzi na kuilowesha kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Ikiwa mbichi inakubali mkunjo wowote. Niliivuta chini kwenye kamba nne na kuiacha ibonyee kidogo katikati ya mabomba yanayoishikilia. Ikikauka inakuwa ngumu kama ngozi. Kingo zake nilizirudishia pindo kwa kipande chembamba cha karatasi hiyohiyo, na pindo hilo ndilo linaloifanya ionekane imeshonwa.

Mzigo ni majerikeni ya petroli. Jerikeni moja la jeshi likijaa lina uzito wa takriban kilo 18, hivyo kama 125 hufikisha tani mbili na nusu za Kimarekani, ambazo kila moja ni kilo 907 hivi. Boksi lilinipa kumi na mawili. Nilifinyanga kalibu ya silikoni na kumimina mengine kwa resini, lakini safu ya chini sikuijaza: niliweka boksi tupu la plastiki katikati na kuzungusha majerikeni pembeni na juu tu. Rangi zake zitofautiane kidogo, kwa maana yalikusanywa kutoka popote, na mengine yawe na doa la kung'aa mdomoni ambako petroli imemwagika na kuosha vumbi.

Tope nimelifanya kwa tabaka tatu, nikianza na lililokauka. Kwanza unga wa rangi ya udongo mweupe uliotiwa maji, ukipulizwa chini ya madigadi na nyuma ya kabini. Pili unga huohuo uliochanganywa na plasta na gundi, mzito kama uji, ukirushwa kutoka kwenye nywele za brashi kwa kidole, na hapa angalieni mwelekeo: gurudumu la mbele hurusha nyuma, likapiga ubao wa kupandia na tangi la mafuta, na yale ya nyuma hupiga chini ya bodi na mlango wake. Paji la boneti halipati kitu isipokuwa madoa ya gari lililotangulia, nami nimeweka machache, kwa sababu lori la msafara halikuwa peke yake barabarani. Tatu, tope bichi jeusi kwenye matairi na ubavu wa ekseli, lenye vanishi ya kung'aa kidogo.

Kioo cha mbele nilikifunika utepe uliokatwa kwa umbo la upinde wa wipa kabla ya kupuliza vumbi, nikaubandua mwishoni. Kioo cha utingo sikukipa upinde. Wipa yake nimeivunja.

Picha za ubavu na za juu nimeziambatisha. Za mbele nitaziweka nikishapata kioo kimoja cha taa, ambacho kiliruka kutoka kwenye kibanio jana usiku na bado kiko mahali fulani chini ya meza.